Paneli Iliyotazama Kaskazini

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenilea na kunifundisha kazi ya umeme, lakini usitegemee maneno matamu. Nina hasira na wewe tangu siku ya arobaini yako.

Bwana Kanti wa duka la vifaa vya umeme alikuja. Alikaa mkekani na wanaume, akanywa chai tupu kwa kuwa pilau lilikuwa na nyama, kisha akanivuta pembeni. "Zuhura, mjomba wako alijua. Daktari alimwambia moyo umechoka, asiendeshe safari ndefu. Nikamwambia awaambie nyumbani. Akasema nikifungua mdomo, hanunui kwangu hata fyuzi."

Fyuzi. Ndivyo ulivyomziba mdomo mzee wa watu.

Nikakumbuka siku tuliyofunga paneli ya sola juu ya gari. Tulikuwa tumeshang'oa viti vya nyuma, tumeweka kitanda, betri na kifriji cha insulini ya mama, ili dada yako huyo aende Ujiji akamwone dada yangu Mwajuma na wajukuu ambao hajampakata hata mmoja. Dawa yake haivumilii joto, na safari ni ya siku kadhaa. Mimi nilitaka paneli ilale bapa. Wewe ukaichongea miguu minne ya chuma, mirefu nyuma, mifupi mbele, ukaiinamisha itazame kaskazini, jua linakoegemea, kama unavyofunga kwenye mapaa ya nyumba. Nilicheka nusura nianguke ngazini. "Mjomba, gari linageuka. Tukifika Chalinze itakuwa inatazama wapi?" Wewe ukaendelea kukaza nati. "Kaza na wewe huko," ukasema.

Nikawasimulia mafundi wote wa mtaa wa Gerezani kosa lako. Wakacheka wiki nzima, na wewe ukaniacha nicheke.

Halikuwa kosa. Ulikwisha kuamua gari lisitoke mbele ya mlango wetu, liwe friji la mama wakati wa mgao wa umeme, basi. Uliamua peke yako. Kila nilipokuomba unifundishe kuendesha, ulisema dereva mmoja anatosha nyumba hii. Dereva gani, mjomba? Mama anafungasha khanga za wajukuu, anafungua, anafungasha tena, na wewe umekaa barazani unamtazama, unakunywa kahawa. Uliogopa, najua. Ungesema tu. Ningeogopa pamoja na wewe.

Sasa sikia mpango wako ulipofika. Nyumba ya jirani upande wa kaskazini imebomolewa, tajiri mmoja anajenga ghorofa, na limeshafika ghorofa ya nne. Paneli yako inatazama ukuta. Umeme ukikatika, kifriji kinanguruma kidogo kisha kinanyamaza, nami nakimbilia kwa muuza juisi kuomba barafu ya kuwekea dawa ya mama. Kariakoo yote inajengwa hivyo siku hizi. Ungerudi leo ungepotea njia ya msikitini.

Nimejifunza kuendesha. Mke wa Bwana Kanti ndiye aliyenifundisha, Jumapili asubuhi, kule viwanja vya Jangwani kabla ya mvua. "Polepole, Zuhura, klachi si adui yako," ananiambia, huku ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Leseni ninayo.

Jana nimepanda juu ya paa la gari na spana yako namba kumi. Nati ulizikaza kwa ubishi wako wote. Nimechubuka vidole vitatu, nikakutukana, Mungu anisamehe, halafu nikakaa pale pale juu nikalia, wapita njia wakinitazama. Paneli sasa imelala bapa. Leo tumeijaribu siku nzima gari likiwa limeegeshwa Posta, juani, na kifriji hakikunyamaza.

Kesho baada ya sala ya alfajiri tunaondoka. Mama amekikataa kitanda. Anasema atakaa mbele, anataka kuiona njia. Khanga hajazifungua tena.

Miguu yako minne sikuitupa. Nimeifunga kwa kile kitambaa chako cha kufutia mikono, iko kwenye sanduku la spana. Nakuahidi, tukifika kwa dada Mwajuma nitapanda tena juu niifunge, mirefu nyuma, mifupi mbele, paneli itazame kaskazini kwa siku zote ambazo gari litasimama pale mlangoni pake.

Pumzika, mjomba. Hasira nyingine nitaimalizia njiani. Ulipima vizuri. Ulikosea mlango tu.

Mpwa wako,
Zuhura