Kidonda Kimoja Kati ya Mia

Wodi ya wanawake, kitanda cha 11
Tarehe 7 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko mafunzoni? Mimi sijambo kwa mtu aliyepasuliwa ngiri siku nne zilizopita, yaani naweza kucheka nikishika tumbo kwa mikono miwili. Na jana nilicheka kweli, nusura mshono uachie, nilipoliona bango ulilobandika mlangoni: "Hapa, kidonda kimoja tu kati ya mia huingia vijidudu." Chini yake cheo chako, Mkuu wa Upasuaji, kwa herufi kubwa kama tangazo la sabuni.

Nilichemsha vyombo vya upasuaji katika hospitali hii hii miaka ishirini na sita. Kaka yangu alipofariki nilikulea wewe kwa mikono hii iliyobabuka kwa mvuke. Kwa hiyo usidhani nimelala tu hapa. Nimehesabu. Tuko wanawake kumi na tisa tuliopasuliwa. Wanne wanatoka usaha. Hiyo mia yako imelazwa wodi gani?

Muuguzi anayefunga vidonda ana jozi moja ya glavu kwa vitanda sita. Simlaumu sana, bomba halitoi maji tangu Jumatatu, na glavu anagawiwa kama peremende. Lakini vifurushi vya vyombo! Unaujua ule utepe wa juu, mistari yake hugeuka myeusi mvuke ukipata joto la kutosha. Siku hizi inatoka kwenye mashine ya mvuke myeupe kama ilivyoingia. Mpira wa mlango wa mashine umekwisha, mvuke wote unavuja. Nimemuuliza mchemshaji wenu, akanijibu, "Mama, huo utepe ni wa kufungia karatasi tu." Ningekuwa na nguvu ningemzaba kofi.

Jirani yangu wa kitanda cha 12 ni binti mshona nguo, amejifungua kwa kupasuliwa. Ngozi kando ya mshono imeiva kama nyanya. Leo wamempa ruhusa aende nyumbani. Daktari wako anasema hali yake nzuri. Nzuri kwa nani?

Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie. Nikikupigia simu utaniambia uko kikaoni.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia upasuaji ulikwenda salama. Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi.

Shangazi, kwa heshima zote, takwimu si kuchungulia vitanda vya majirani. Kumi na tisa ni wachache mno, na usaha kidogo si kila mara ugonjwa. Sisi tuna rejista. Kila mgonjwa anapotoka wodini, daktari anaandika hali ya kidonda chake. Mwaka mzima, kimoja kati ya mia. Wiki hii nitalisoma hilo mbele ya madaktari wa hospitali arobaini.

Naheshimu kazi uliyofanya, lakini kuchemsha vyombo ni jambo moja na elimu ya vijidudu ni jambo jingine. Nakuomba upumzike, uache kuwatia watu hofu.

Mwanao

*

Tarehe 13 Machi

Bwana Asilimia,

Salamu zako zimefika, na dharau zake pia nimezipokea. Mimi si mzima tena. Kidonda changu kimefunguka juzi alfajiri, kinanuka mpaka mwenye kitanda cha 10 ameomba kuhamishwa. Sasa nimekuwa wa tano. Au mimi nami ni usaha kidogo?

Umesema daktari anaandika siku mgonjwa anapotoka. Ndiyo hapo unapojipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Mnawatoa siku ya tatu, isipokuwa mimi shangazi wa Mkuu. Kidonda kinaoza siku ya sita, ya saba, mtu yuko kwake, nyinyi kalamu mmeshafunika. Hata mchemsha vyombo analijua hilo.

Mshona nguo amerudi. Mumewe, fundi baiskeli, amemleta mgongoni. Hawakumleta kwetu, wamempeleka wodi ya magonjwa ya kawaida, wakamwandika "homa". Nimekwenda kumwona, hatua mia mbili, nimeshika ukuta njia nzima. Tumbo limevimba na mshono unatoa maji ya kijivu. Nikamwambia daktari wa zamu, "Huyu ni wa upasuaji." Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mama, akirudi upasuaji ataharibu hesabu ya Mkuu."

Hesabu ya Mkuu, mwanangu. Wanakuogopa kuliko wanavyoogopa kifo cha mtu.

Piga simu. Waambie wamfungue, wamsafishe leo. Wewe wanakusikia.

Shangazi yako

*

Tarehe 15 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa kidonda. Nimeagiza uhamishiwe chumba cha peke yako chenye maji, na naibu wangu atakifunga kidonda chako mwenyewe. Na hilo la kuharibu hesabu, sijawahi kumwagiza mtu yeyote. Vijana wana midomo.

Kuhusu huyo binti, nitalifuatilia nikirudi. Siwezi kuendesha wodi kwa simu kutokana na maneno ya wagonjwa, halafu uso wangu niuweke wapi? Wauguzi wamenilalamikia kwamba unatembea huku na huku ukifunua bandeji za watu.

Jana nilisoma taarifa yangu. Wote walisimama kunipigia makofi. Nilitamani ungekuwepo, ungeona matunda ya malezi yako.

Mwanao

*

Tarehe 16 Machi

Mshona nguo amefariki leo saa nne asubuhi. Sumu ilishaingia kwenye damu. Ameacha mtoto wa siku kumi na mbili.

Sihamii chumba chako. Hicho walichokuvika huko ni kilemba cha ukoka, nawe ukakipokea kwa mikono miwili. Usiniandikie.

*

Tarehe 4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulinikataza. Nimekuja kwako mara tatu tangu nirudi, na mara tatu mdogo wangu amesimama mlangoni akiniambia umelala, huku nasikia redio yako. Ameniambia kidonda kimefunga. Nashukuru.

Siku ya kwanza kurudi nilikwenda chumba cha mashine. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, nikapitisha vidole viwili. Mchemshaji akanionyesha nakala za barua tano alizopeleka ofisini kwangu kuomba mpya. Zote nilizipiga mhuri "Imeonwa". Sikuwa nimesoma hata moja.

Kisha nikachukua orodha ya waliopasuliwa Machi, wanawake tisini na wanne, nikawapigia simu mwenyewe kila mmoja alipotimiza siku thelathini. Themanini na saba nimewapata. Kumi na watatu vidonda vyao viliingia vijidudu. Rejista yangu ya mwezi huo inasema mmoja.

Jana hesabu hiyo nimeipeleka kwenye bodi. Nikawaambia taarifa niliyosoma kule ilikuwa takataka na nimeandika kuifuta. Mwenyekiti akaniuliza kama naumwa. Nikawajibu kwamba hospitali isiyojua wagonjwa wake wanaoza wapi ni bucha lenye bango. Wameninyang'anya ukuu. Kisu wameniachia, maana wapasuaji ni haba. Mpira mpya umefungwa.

Mwanao

*

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Barua nimeisoma mara mbili. Ya pili nilitafuta mahali ulipoomba sifa, na nimepaona: pale pa bucha. Sentensi nzuri sana ile. Uliifanyia mazoezi mbele ya kioo?

Usinitazamie kukupigia makofi; uliyapata ya kutosha. Mtu akizima moto aliouwasha mwenyewe, huyo hatuzwi. Lakini umenawa uso, hilo naliona.

Sasa nijibu mimi mchemsha vyombo. Waliopasuliwa tisini na wanne, uliowapata themanini na saba. Saba wako wapi? Na mshona nguo yumo kwenye hao kumi na watatu? Usiniandikie mpaka umekwenda kwa mumewe. Nenda kwa miguu, bila koti jeupe. Anakaa nyuma ya soko la mitumba, chumba cha mwisho, nje kuna fremu za baiskeli zimetundikwa.

Kula. Mdogo wako anasema umekonda.

Shangazi yako

*

Tarehe 17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimekwenda.

Kabla ya kwenda nilifungua orodha. Sikujua jina lake, Shangazi. Uliniandikia habari zake barua nne na sikuwahi kukuuliza anaitwa nani. Ilinibidi nitafute kwa namba ya kitanda. Hakuwemo katika kumi na watatu. Alikuwa katika wale saba, nilimwandika kwa mkono wangu: "Simu inaita, haipokelewi."

Mumewe alikuwa anaziba pancha, mtoto amelala kwenye kikapu kando ya mashine ya kushonea iliyofunikwa shuka. Nilijitambulisha. Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza. Aliendelea kusugua mpira kwa msasa. Nikamweleza kila kitu, utepe, bomba, rejista, ile "homa". Nikamwambia mkewe hakustahili kufa, na kwamba uliniomba nipige simu nikakataa.

Akaniuliza, "Ile namba ya hospitali iliyopiga mwezi uliopita, ilikuwa wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Niliiona. Nikaiacha iite mpaka ikachoka. Nikajiuliza, watu hawa wanataka nini tena kwake?"

Nikamwambia nilitaka kumhesabu.

Akacheka, Shangazi. Sijawahi kudharauliwa hivyo na mtu yeyote, na kicheko chenyewe hakikuwa hata kikubwa. Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua kalamu aliyokuwa akiwekea alama kwenye tyubu, akanipa.

"Haya," akasema. "Umefika, umetazama, hayupo. Andika."

Nimeandika. Ni kumi na wanne.

Mwanao