Chupa ya Mama na Supu ya Kwato

Nyumba Na. 14, Kambi ya Juu,
S.L.P. 60,
Kericho.
9 Julai 1974.

Mpendwa ndugu yangu Makori,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Joto la Mombasa linawaendeaje? Watoto hawajambo? Sisi tunapumua, ila mvua ya mawe imepiga chai na tunachuma kidogo tu.

Nilikuandikia nikilia kwamba daktari amepiga picha mguu wa mama, na anashuku mfupa una saratani. Sasa soma yote kabla hujapanda gari la moshi.

Daktari alitaka mkojo wa mama wa siku nzima upelekwe Nairobi kupimwa. Alisema mifupa na ngozi yetu vimeshikiliwa na protini iitwayo kolajeni, na mfupa ukiliwa na ugonjwa, vipande vyake hutoka na mkojo. Tena huzidi kwa magonjwa mengi: ya mifupa, ya tezi, hata mtu akiungua moto. Sikukiamini kipimo hicho. Mbwa anayebwekea kila mtu atakuambiaje ni nani yuko mlangoni?

Chupa yenyewe ikabebwa na Dorcus, jirani yetu anayefagia hospitalini. Unajua walivyogombana na mama juu ya nani achume mstari upi wa chai, zamani walipochuma pamoja. Mkojo wa mtu si kitu cha kupita mkononi mwa adui! Majibu yaliporudi yakiwa juu sana, nikajua ametia kitu. Nilimfukuza mlangoni petu mbele ya watu.

Daktari akaniuliza, "Mama alikula nini? Si nilisema asile nyama wala supu siku tatu?" Ndugu yangu, niliona anataka kumuua mama kwa njaa. Kwetu mgonjwa hupewa supu ya kwato, nami nilimpikia asubuhi na jioni, sufuria nimeificha chini ya kitanda. Kumbe kwato zimejaa hiyo hiyo kolajeni, na ukiila hutoka na mkojo vilevile.

Nilikiri kwa aibu. Tukarudia, mama akila wimbi na mboga huku akininung'unikia. Majibu yamekuja jana: ni ya kawaida, na picha mpya ya mguu haina ubaya. Ni baridi yabisi tu.

Leo asubuhi Dorcus ameweka kwato mbili mlangoni, akaenda zake. Amesikia mama amedhoofika. Nilizinusa, nikazigeuza mara tatu nikitafuta ubaya.

Msalimie wifi yangu Gesare na mzee Onsongo. Mama anawabariki nyote, na Mungu awalinde mpaka tuonane.

Naishia hapa. Kwato zinachemka, na lazima niende mwenyewe kumwita Dorcus aje tule.

Dada yako akupendaye,
Bitutu