Paka Wangu Ana Kisukari, na Mjukuu Ananisubiri

Mshauri mpendwa, usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua hii. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mikono imeungua mara nyingi hata siku hizi cheche zikinirukia sishtuki, lakini kilichonishinda ni paka.

Tuna paka dume, mnene, tunamwita Bwana Mkubwa, na mwaka jana alianza kunywa maji bila kikomo na kukojoa kila kona, daktari wa mifugo akampima damu akasema ni kisukari, basi tangu hapo saa moja asubuhi na saa moja jioni namwekea chakula, akishakula navuta ngozi ya shingoni namchoma insulini, na yeye hata hageuki kuniangalia, ananiamini. Kazi hiyo ni yangu peke yangu, maana mke wangu akiona sindano anatoka chumbani.

Sasa binti yetu wa pekee amejifungua, mjukuu wetu wa kwanza, anakaa mbali, safari ya siku nzima, na mke wangu ameshafunga mizigo ya siku kumi, nami, Mungu anisamehe, nimemwambia siwezi kwenda kwa sababu nina oda ya mageti ya shule. Oda hiyo haipo, mshauri. Binti alipopiga simu akaniuliza, "Baba, kwa hiyo mageti ndiyo muhimu kuliko sisi?" nikajifanya mtandao unakatika.

Si kwamba sikujaribu. Nilimwita shemeji yangu nimfundishe, akajichoma kidole gumba, akaona tone la damu, akalala sakafuni chali, paka akamnusa uso kisha akaenda zake. Anayejua sindano mtaani kwetu ni nesi mstaafu wa nyumba ya pili, ila miezi minane iliyopita alikuja kuniomba nisisage vyuma mchana kwa kuwa mama yake ni mgonjwa, nikamjibu kama hapendi kelele ahame. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Safari ni Jumamosi. Nifanyeje?

Fundi mwenye paka

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu fundi, nimecheka, nisamehe, na shemeji yako mpe pole zangu kwa kidole. Lakini nilipofika kwa binti yako nikaacha kucheka.

Kumhurumia mnyama anayekutegemea si aibu hata kidogo. Aibu ni mageti ya uongo. Mwambie mkeo ukweli leo, kabla hamjala. Atanuna, mwache anune, ana haki.

Kesho nenda kwa nesi, na usianze na habari za paka. Omba msamaha kwa lile neno ulilomtupia, halafu nyamaza, usikie naye anasemaje. Akikufunguia moyo, ndipo umwombe. Akikufukuza, utakuwa umeshaomba msamaha, na ulipaswa kuuomba hata kama usingekuwa na paka. Hapo muulize daktari wa mifugo kama anaweza kumlaza paka kwake siku hizo kumi.

Nesi akikubali, amchome mara mbili wewe ukiwa unaangalia. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji: dozi, saa na namba ya daktari. Paka akikataa kula, asichomwe mpaka daktari aulizwe. Akiyumba au akilegea, apakwe asali kwenye fizi na apelekwe kwa daktari haraka. Na mtu akisahau kama ameshachoma, asirudie.

Kisha panda basi. Mtoto mchanga anabadilika kila siku, na siku hizo kumi hutazipata tena.

Kwa kuwa safari ilikuwa karibu, jibu hili tulimtumia kwa simu kabla ya kulichapa. Jumatatu akatuandikia:

"Mshauri, mke wangu alinuna siku mbili, ya tatu akaniongezea shati kwenye mizigo. Nesi alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Mama yake, ambaye amepona na ana sauti kuliko mashine yangu, akauliza kutoka ndani, 'Ana paka gani huyo?' Nikaeleza. Akasema, 'Mlete, mimi nitamwangalia akila, huyu atachoma.' Nesi akasogea kando nipite.

Sasa hivi nimekaa na mjukuu kifuani, ni mdogo hata naogopa kupumua, binti yangu ananicheka. Leo nimempigia nesi mara nne. Ya tano hakupokea, akanitumia ujumbe: 'Amekula, amechomwa, amelala. Shika mtoto, weka simu chini.'"