Dakika moja ya kumkumbuka Chesco

Jumapili. Mbeya imeamka na ukungu hadi mlangoni, na mimi nimeamka na aibu. Kanisani sikwenda. Nimekaa jikoni na koti langu, chai imepoa, naandika hapa kwa sababu sina uso wa kumwambia mtu.

Jana vijana wa mjini walifanya shoo ya kutuenzi sisi, Mngurumo, bendi ya thrash metal, ile roki ya kasi na kelele, kutoka Mafinga. Ukumbi ulijaa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa tulipoanza. Wamevaa fulana nyeusi zenye jina letu, wanaimba neno kwa neno wimbo wetu wa lori la mbao lililopinduka. Nyimbo hizohizo tuliambiwa ni za shetani! Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kututoa ukumbini na vyombo vyetu, huku anakemea.

Tulikuwa watatu. Gwakisa aliimba na kupiga besi, mimi gitaa, Chesco ngoma. Mazoezi tulifanyia nyuma ya kiwanda cha mbao, tena mchana, misumeno ikinguruma, maana hapo hakuna jirani wa kulalamika. Chesco alijifunza kupiga kwa kuusikiliza msumeno. Ukiingia kwenye gogo unakaza, ukitoka unakimbia, naye hivyohivyo. Wanaosifu ule mwendo wetu wa ajabu, sifa ni za Chesco. Tulitoa albamu moja, tukapiga Iringa, Njombe na hapa Mbeya. Kisha masikio yake yakaanza kufa.

Kila alipolalamika kwamba hanisikii, mimi niliongeza sauti ya spika.

Leo hasikii kitu. Yuko Nyololo na mkewe, anatengeneza vitanda na milango. Mabasi ya Iringa yanapita karibu na karakana yake, na mimi huwa napita ndani ya mabasi hayo. Sishuki.

Basi jana, Gwakisa hakuwepo, mshereheshaji akanipandisha jukwaani peke yangu, akanipa kipaza sauti. Akasema, "Dada Tuli, kabla hujatupigia, tusimame wote dakika moja tumkumbuke marehemu Chesco."

Marehemu.

Sijui alilitoa wapi. Labda kwa kuwa miaka yote hii hajaonekana, na hakuna aliyesema yuko wapi. Nilitakiwa kusema tu, "Jamani, yupo hai." Lakini wangeniuliza anaendeleaje, nami ningejibu nini? Watu wakasimama. Ukumbi ukawa kimya, binti mmoja mbele yangu anafuta machozi, na niseme kweli, nilipendezwa. Nikainamisha kichwa pamoja nao. Halafu nikapiga gitaa, nikashangiliwa.

Video waliiweka mtandaoni kabla sijafika nyumbani.

Asubuhi hii mke wa Chesco, Mama Neema, akanipigia. "Kamwene dada Tuli! Huku kwetu kuna msiba, we hujasikia?"

"Msiba wa nani?"

"Wa Baba Neema! Watu wamekuja na kuni, wamekuja na unga. Shangazi yake katoka Mafinga analia toka barabarani, kufika mlangoni kafunguliwa na marehemu mwenyewe. Kadondoka pu! Tumemmwagia maji."

Alicheka sana, nami nikacheka, kicheko cha mwizi. Akasema turubai limeshafungwa na wageni hawawezi kurudi na njaa, kwa hiyo wanapika. Nikamuuliza Chesco mwenyewe anasemaje. Akapoa.

"Anaangalia ile video. Anairudia tu. Hajala."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia Nyololo. Nimempigia yule mshereheshaji, nimemweleza ukweli wote. Maskini, aliomba radhi kuliko mimi, akaenda kusahihisha mtandaoni. Nilidhani nitapumua.

Ndipo ujumbe wa Chesco ukaingia. "Wale watoto hawanijui, siwalaumu. Wewe ulikuwa unamwinamia nani?"

Nimeandika kwamba kipaza sauti kilikuwa kibovu, nikafuta. Nimeandika kwamba nilishtuka, nikafuta na hiyo. Ukweli ni kwamba Chesco marehemu alinifaa. Marehemu hadai kutembelewa. Marehemu haulizi nani alikuwa anaongeza sauti.

Kesho nashuka Nyololo. Sitamwandikia, maana kwenye simu nitajipamba. Chesco husoma midomo, kwa hiyo lazima nisimame mbele yake, kwenye mwanga, mkono usiwe usoni.

Nimejaribu kwenye kioo cha bafuni. "Nilijua uko hai, nikanyamaza." Nimeyasema haraka, kwa mwendo wetu wa zamani, na hata mimi mwenyewe sikuweza kuyasoma. Itabidi niyaseme taratibu.