Ndege wa Asali na Kompyuta ya Chuo

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Mwala tuko salama. Mvua imenyesha kidogo, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kama uifuate kompyuta ya chuo, inayokushauri uache masomo ya udongo uchukue biashara. Mimi kompyuta siijui. Namjua ndege wa asali, yule anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga.

Nikiwa msichana tulimfuata porini na baba yangu. Ndege aliita, baba akamjibu kwa mluzi, naye akaruka hadi mti wa mbele, akaita tena. Nyasi zilijaa mlio wa nyuki, nami nikatembea kama niko usingizini. Baba alipochoka kupiga mluzi, ndege akanyamaza. Nikadhani ametuacha.

"Anangoja," baba akasema. "Hajui kama bado tunataka."

Nikapiga mluzi mimi, na ndege akaruka.

Kompyuta imeona alama zako tu. Haijakuona ukipiga magoti shambani kwangu, ukinusa udongo wa mvua ya kwanza. Nenda kwa mwalimu anayekushauri, umwambie hayo, ayaandike ndani ya kompyuta. Kisha sikilizeni itaita kutoka mti gani.

Ni mimi susu, bibi yako, nisiyeweza tena kupiga mluzi kwa kukosa meno.