Sufuria ya Mama na Kinanda cha Mramba

Ukunda, Kwale
14 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Abdurahman,

Shikamoo. Hali yako huko Rotterdam? Mgongo umepata nafuu? Sisi tunapumua, alhamdulillahi, ila uzima wetu una mishono. Niwie radhi, nina hasira.

Katoni ilifika. Ulipoona ina nafasi, ukamtilia Mama sufuria ya presha juu ya bodi za umeme za kinanda cha Mramba, maana kwetu mzigo wa nyumbani hauachwi na upenyo. Kisha ukaandika "zawadi, vyombo vilivyotumika" ili tupunguziwe ushuru. Najua ulituhurumia. Huruma hiyo imetumaliza.

Forodha waliifungua, wakaziona bodi, wakazithamini wenyewe: vipuri adimu vya kinanda cha umeme cha miaka ya sabini, havitengenezwi tena. Tukalipa ushuru kamili na faini juu. Mume wangu Amin alipoifungua katika duka lake la ufundi, sufuria ilikuwa nzima, bodi vipande vipande. Watu wa bima wakanijibu kwa adabu kwamba kilichokatiwa bima ni vyombo, na vyombo havikuvunjika. Nilitamani kuitupa simu chooni.

Mramba, mwenye kinanda, unamjua, yule apigaye kwenye hoteli za Diani. Kinanda kile alikirithi kwa marehemu baba yake. Alikuja na panga. Mume wangu hajamaliza kusema pole, pigo la kwanza likapasua meza. La pili Amin alilikinga kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilidondoka katikati ya nyaya, Mjomba, nikiviona. Nikaishika sufuria yako nikampiga nayo Mramba kichwani mpaka akalala chini, na sijuti hata chembe.

Amin ametoka hospitali lakini hawezi tena kulehemu. Mramba naye ametoka kwa dhamana, akamtuma Kanze, jirani yetu: "Mwambie fundi bodi zije nzima, ama nitarudi kuumalizia mkono uliobaki."

Jana ukaniandikia kwamba umepata bodi nyingine na umeshazifunga. Nakuomba uzifungue. Toa kila kisicho cha kinanda, hata kama ni kanzu ya Idi. Andika vitu kwa majina yake na bei ya kweli, ukate bima kwa bei hiyohiyo. Ushuru tutauza mbuzi tulipe.

Mama na wanangu Hasina na Luqman wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akulinde na baridi.

Na kama katoni imeshaondoka kwa jina la zawadi, niambie siku itakayofika, niwahamishe watoto kabla yake.

Mpwa wako, akupendaye ingawa amekasirika,
Twaiba