Mama Yuko Kwenye Nyumba Nzuri na Anakonda

Shangazi Fong, nakusoma kila wiki na sikutegemea kwamba siku moja nitakuandikia mimi, lakini nimekwama, nisaidie. Mama yangu amevuka miaka sabini na mitano, tangu tutoke Toisan, kule China, ameishi hapa Chicago kwenye mtaa wetu wa Wachina, ghorofa ya tatu juu ya duka la bata wa kuchoma, ngazi zenyewe kama za kupandia darini, na baba alipofariki akabaki humo peke yake akisema hataki kumsumbua mtu, mpaka mwaka jana mwizi alipomsukuma karibu na kituo cha treni akampora mkufu wa dhahabu, mama akaanguka akavunjika mkono, wapita njia wakamwinua, nami nikaapa palepale hospitalini kwamba kule harudi tena. Nikamleta kwangu nje ya mji, nyumba kubwa, chumba chake mwenyewe na bafu lake, miti, hewa safi, kimya, na Mwaka Mpya kila jamaa aliyekuja kula alisema Keung kweli unamheshimu mzazi, tena mjomba Gwok, kaka yake mama, alinisifu mbele ya watu mpaka nikaona haya.

Sasa shida ni kwamba huku hakuna pa kwenda kwa miguu, duka la karibu mpaka gari, majirani wanampungia mkono naye anawapungia basi, Kiingereza hajui, mimi na mke wangu tunatoka asubuhi na jioni tunamkuta kwenye kiti kilekile mbele ya televisheni, supu ya mifupa ameshatuchemshia lakini yeye hali, amekonda, presha imepanda, magoti yamekakamaa, na huyu ndiye aliyekuwa akipanda zile ngazi kila siku na mfuko wa mboga mkononi. Nikimuuliza anasema, "Niko sawa, mwanangu, nimeshiba, wewe fanya kazi zako," na wewe unawajua wazazi wetu, la heri watakwambia, la shari wanalimeza.

Kisha akaanza kuumwa kifua kila Alhamisi, na daktari wa huku hamtaki, anamtaka yuleyule wa mtaani, basi naomba ruhusa kazini nampeleka, akipimwa moyo hauna kitu. Mwezi uliopita nilimshusha pale kliniki nikaenda kuegesha gari, nikarudi mapema kuliko alivyotarajia, nikasikia mtu anacheka, Shangazi, alikuwa mama, sijamsikia akicheka tangu tumzike baba. Amekaa kati ya Bi Lau, jirani yake wa zamani, na wenzake, anatafuna mbegu za tikiti, anasema, "Wewe Lau, mguu wako unauma siku ya daktari tu, mwongo mkubwa," na Bi Lau anamjibu, "Na huo moyo wako, dada, umejuaje kama leo ni Alhamisi?" chumba kizima kikaangua kicheko. Aliponiona akashika kifua.

Nilikasirika, halafu njiani nikalia nikisingizia mafua. Lakini kabla hatujaondoka daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia moyo ni mzima, mwili ndio unaokwisha, na tukiendelea hivi hana uhakika kama mama atauvuka msimu huu wa baridi. Sasa kimepatikana chumba kwenye jengo la wazee kule mtaani, ghorofa ya chini, na wanataka jibu Ijumaa. Mke wangu anasema arudi. Mjomba Gwok anasema, "Una nyumba ya vyumba vitano, mama yako akalale na wajane wa watu? Baba yako angekuonaje?" Naogopa watu watasema nimemtupa mama, na naogopa zaidi asije akasukumwa tena. Nifanye nini?

Keung, nje ya mji

*

Keung,

Pole, ingawa mwenye kustahili pole hasa ni mama yako. Kwamba unampenda, hilo halina ubishi. Ila hebu isome tena barua yako. Mkeo kasema, mjomba kasema, daktari kasema, na mama unamsikia pale tu anaposema ameshiba. Mwanamke anaumwa kifua kila Alhamisi, siku ya daktari wa mtaani kwake, ulitaka akwambie kwa lugha gani? Wewe uliona uongo, ukakasirika. Mimi naona mtu aliyetafuta njia ya kutoka ndani bila kukulaumu.

Mtaa huu ndimo ninamoishi, siupambi. Una kelele, una moshi wa malori, ngazi mbovu, na wezi wapo. Kuna wazee hapa wanaugua kwa hofu kama mama yako anavyougua kwa upweke. Kwa hiyo sikucheki kwa kuogopa. Lakini siku ile alipoanguka watu walimwinua. Akianguka kwako saa nne asubuhi atamwita nani, televisheni?

Chukua hicho chumba. Dhahabu yake iliyobaki ikae kwako, sokoni aende na wenzake, namba yako na ya mlinzi wa jengo zibandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa. Chumba chake cha hapo nyumbani kwako kisigeuzwe stoo. Jumapili ni wewe unayekwenda kula kwake, na vyombo unaosha wewe. Na ile ruhusa ya Alhamisi uliyokuwa ukiiomba kazini, endelea kuiomba.

Mjomba usimkwepe. Fanya karamu ya kuhamia kama watu wanavyofanya, mketishe mahali pa heshima, amwone dada yake akisalimiwa na mtaa mzima. Akitaka kusema umemtupa, alisemee hapo, mbele ya Bi Lau. Vyumba vitano havipigi gumzo na mtu.

Mama usimuulize "Unataka?" Atakwambia popote tu, mwanangu. Zima televisheni, kaa karibu naye, umwambie, "Ma, nakuona unapungua, nami naogopa kubaki bila wewe." Useme hivyohivyo, kisha unyamaze. Atakataa kwanza, kwa ajili yako, na wala usibishane naye. Atakapouliza jiko la huko ni la gesi au la umeme, inuka ukapige simu, ameshakubali.